Aber, Mimi na Magurudumu Manane

Viatu ndivyo vilivyonishangaza kwanza. Hakuna daktari aliyeniambia kwamba mtu asiyetembea hamalizi viatu. Nina jozi nyeusi niliyoinunua kabla ya kuugua, na soli zake mpaka leo ni kama zimetoka dukani jana. Kinachochakaa kwangu ni glovu, matairi na mikono ya mashati. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu wewe unayesoma ukiwa umelala chali wodini, ukitazama dari, umeshaambiwa mengi ya kutisha, na huenda hakuna aliyekuambia hata jambo moja la kuchekesha. Yapo. Nitakueleza niliyoyapitia, ya kulia na ya kucheka, nawe utaona mwenyewe yapi yamezidi.

Jina langu ni Ramadhani, watu huniita Rama. Nilizaliwa Kyebando katika familia ya Wanubi. Babu wa babu yangu aliletwa na jeshi kutoka Sudani, na tangu hapo sisi ni watu wa hapa, watu wa biashara ndogondogo na wa usukani. Mimi nilikuwa dereva wa basi. Nimeendesha Arua, Mbarara, Nairobi, Juba. Mgongo ulipoanza kuniuma nilidhani ni kiti cha basi, maana hakuna dereva asiyelalamikia mgongo. Nikanunua mto wa kukalia, nikachuliwa na mafuta, nikawa nameza vidonge vya maumivu na chai ya asubuhi. Halafu jasho likawa linanilowesha shuka, na suruali zikaanza kunishuka kiunoni. Siku moja nilishuka kituoni kununua maji, na wakati wa kurudi mguu wa kulia ukakataa kuniitikia. Nilipanda kwa kuning'inia mlangoni, nikamwambia kondakta atafute dereva mwingine. Sijaendesha basi tena.

Yaliyofuata ni mabenchi. Kama umewahi kungoja katika korido za hospitali kubwa unayajua: mabenchi ya mbao yaliyolainishwa na makalio ya watu, chupa za chai, watoto waliolala juu ya mikoba, na kila mlango ukifunguka shingo zote zinageuka. Mama alikuwa ananisindikiza. Ni mama mfupi, mwenye sauti ya kuamuru, na hakwenda popote bila kazi yake ya mkono, kwa hiyo alikaa pale akisuka kawa za rangi za kufunikia chakula huku akiwauliza wagonjwa wengine habari za magonjwa yao. Kuna mwanamke mmoja, simjui jina mpaka leo, aliyekuwa na bonge la muhogo uliochemshwa. Alinitazama nilivyokuwa nimejikunja, akaukata muhogo, akanipa kipande kikubwa kuliko alichobakiza. Nilikula huku machozi yananitoka, na sikujua kama ni ya maumivu au ya muhogo.

Mwishowe tukaambiwa ni TB.

"Lakini huyu hakohoi," mama akasema.

"Imekaa kwenye uti wa mgongo, mama," daktari akamjibu.

Nikapasuliwa. Nikavishwa fulana ngumu ya plastiki iliyonibana kifua na tumbo, nikaanza dawa zilizoufanya mkojo wangu uwe wa rangi ya chungwa, hata mama alipouona mara ya kwanza akapiga kelele wodi nzima ikaamka. Dawa zilikuja na mvua za kwanza na zikaendelea mpaka jua kali la Januari. Zilifanya kazi yake. Homa iliondoka, nyama zikarudi usoni, hamu ya kula ikarudi. Miguu ndiyo haikurudi. Daktari alinieleza kwa upole kwamba uti ulikuwa umebanwa muda mrefu mno, nami nikawa namtazama midomo tu, nikiwaza ni nani aliyepewa basi langu na kama anajua kwamba gia ya tatu inataka kubembelezwa.

Mwili wangu ukawa kama nyumba ambayo vyumba vya chini vimefungwa na ufunguo umepotea. Miguu ilikonda. Wakati mwingine mmoja ulirukaruka wenyewe chini ya blanketi, na watoto wa majirani waliokuja kuniona walikimbia. Nilijifunza mambo ya mpira wa mkojo, mambo ya kujigeuza, mambo ya kujikagua ngozi kwa kioo kila asubuhi, maana pale pasipouma ndipo panapooza. Haya hayana raha kuyaandika, lakini nawe utajifunza, na siku moja utashangaa kwamba unayafanya huku unasikiliza mpira redioni.

Aliyekuwa akinigeuza usiku na mchana ni dada yangu Zubeda, aliyeacha kibanda chake cha nguo akaja kukaa nami. Alifanya hivyo muda mrefu bila neno. Kisha siku moja nikamkaripia kwa sababu chai ilikuwa imepoa, akaiweka sinia chini.

"Rama, na mimi nina maisha," akasema. "Nimechoka. Sijakuchoka wewe. Nimechoka."

Akaenda uani akalia. Mama alitaka kumgombeza, nikamzuia. Nilijua amesema kweli, na nilijua pia kwamba kama sitajifunza kufanya mambo yangu mwenyewe, ugonjwa huu utatumaliza sote wawili. Wiki hiyohiyo nikamwomba sista wa hospitali aniandikishe kwenye mafunzo ya viti vya magurudumu niliyokuwa nayakataa tangu mwanzo. Hapo ndipo nilipokutana na Aber.

Mafunzo yalikuwa Alhamisi, katika ua wa hospitali wenye mteremko mdogo na mtaro. Nilitegemea mwalimu mwenye koti jeupe. Akaja mwanamke amevaa gauni la kitenge cha njano, nywele amezisuka, kiti chake kina matairi membamba kama ya baiskeli ya mashindano. Aliushuka ule mteremko bila kushika breki, akazunguka mbele yetu, akasimamisha kiti palepale.

"Nani hapa ndiye dereva?" akauliza. Sista alikuwa amemwambia.

Nikainua mkono.

"Dereva gani anakaa kama mzigo? Keti vizuri. Hii ni gari yako."

Aber alipata polio akiwa mtoto mdogo, hakumbuki kutembea. Ni Mwacholi wa Gulu, lakini alikulia kambi ya polisi ya Naguru, kwa sababu baba yake alikuwa askari. Kiswahili chake ni cha kambi, changu ni cha barabarani. Chake kina amri nyingi, changu kina matusi machache. Yeye hajui Kinubi na mimi sijui Kiacholi, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichokuwa nyumba yetu tangu siku ya kwanza.

Siku hiyo alitufundisha kuinua magurudumu madogo ya mbele ili kuvuka ukingo. Nilijaribu kwa nguvu za udereva, nikaanguka chali, kisogo kwenye nyasi, miguu juu. Aber akasogea mpaka juu ya kichwa changu akaniangalia.

"Unaona mawingu?"

"Naona."

"Mazuri?"

"Mazuri."

"Basi umejua kuanguka. Hiyo ndiyo somo ya kwanza."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu nipasuliwe, na mgongo uliniuma kwa kicheko kile, na sikujali.

Kila Alhamisi nikawa natangulia kufika. Nilijua kuvuka ukingo, lakini nilijifanya sijui vizuri. Naye alijua kwamba najua. Baadaye tukawa tunakunywa chai pamoja kwenye kantini, kisha akanialika Kansanga alikokuwa anaishi na kufanya kazi ya ushonaji. Chumba chake kilikuwa chini, nyuma ya maduka ya barabara ya Ggaba, na cherehani yake ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono. Alishona sare za shule na magauni ya harusi. Jioni muziki wa mabaa ulikuwa unatikisa kuta, naye alikuwa anashona kwa kufuata ngoma. Aliniuliza siku moja, bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa, "Rama, wewe unakuja hapa kila siku kutengenezwa suruali gani hiyo isiyoisha?"

Nikamwambia, "Nimekuja kukuoa."

Sindano ilisimama. "Haya," akasema. "Kwanza shika hapa, kitambaa kinateleza."

Nyumbani Kyebando mambo hayakuwa mepesi hivyo. Dini haikuwa tatizo kubwa. Katika ukoo wetu wamo waliooa Wakristo, na Aber alikuwa amesema wazi kwamba atabaki Mkatoliki na mimi nibaki Mwislamu. Tatizo la mama lilikuwa jingine. Alitaka nioe mtu mwenye miguu.

Aber alipokuja kumsalimia, mvua ilikuwa imenyesha. Njia yetu ya udongo ilikuwa uji mtupu, akafika na matope mpaka viwikoni. Hakuingia. Alikaa mlangoni, akaomba kitambaa na maji, akayasafisha magurudumu yake moja baada ya jingine, polepole, mpaka yakakauka, ndipo akaingia kwenye mkeka wa mama. Mama alikuwa anatazama. Akamkaribisha chai ya tangawizi, kisha akasema yaliyokuwa moyoni.

"Mwanangu, wewe ni mtoto mzuri. Lakini niambie ukweli. Mkiwa wawili ndani ya nyumba, nani atamsukuma mwenzake?"

"Mama," Aber akajibu, "hapana mtu ya kusukuma mwenzake. Kila mtu anasukuma yake."

Zubeda alicheka mpaka akamwaga chai. Mama alijizuia kwa muda, midomo ikimchezacheza, halafu naye akashindwa. Hakusema ndiyo siku ile. Ila Aber alipoondoka, alipewa kashata zilizofunikwa kwa kawa, na mama hatoi kawa ovyo.

Tulipanga kuoana baada ya mvua ndefu. Badala yake nikapata kidonda.

Nataka nikiseme hiki wazi kwa sababu wengi wetu tunakificha. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti siku nzima, nikishughulikia kazi mpya niliyoipata ya kupanga safari za malori kwa simu, na nilikuwa nimeacha kujikagua kwa kioo. Kilianza kama doa jekundu kwenye kalio. Wiki chache baadaye nilikuwa hospitalini tena, homa imepanda, na daktari anaongea na mama kwa sauti ya chini kwenye korido. Kidonda kilikuwa kimeelekea kwenye mfupa. Kilisafishwa, kikakatwa, na mimi nikaamriwa kulala kifudifudi. Si siku chache. Msimu mzima. Mvua ndefu nilizisikia tu kwenye mabati, sikuziona.

Ukilala kifudifudi, uso ukiwa ukingoni mwa kitanda, dunia yako ni sakafu. Unawajua watu kwa viatu vyao. Nilikuwa nawajua masista kwa kandambili, madaktari kwa soli. Usiku wa pili nilimwambia Zubeda amwambie Aber asije tena, atafute mtu mwenye mwili mzima. Zubeda hakupeleka ujumbe. Aber akaja kesho yake. Nikayaona magurudumu membamba yanaingia chini ya ukingo wa kitanda. Akakaa. Hakuweza kuinama mpaka kwenye uso wangu, nami sikuweza kuinua kichwa. Tukazungumza hivyo, yeye juu mimi chini, kama watu wa ghorofa mbili. Siku iliyofuata alikuja na kioo cha ushonaji, kile kikubwa cha wateja kujitazamia, Zubeda amekibeba. Wakakilaza sakafuni chini ya uso wangu, wakakiinamisha kidogo kwa kukiegemeza kwenye kandambili. Na pale chini, katikati ya kioo, nikamwona Aber anacheka.

"Habari ya huko chini?" akasema.

Msimu ule wote nilimtazama mchumba wangu kwenye sakafu. Alikuja na kazi zake, akashona vifungo, akanieleza nani kaoa, nani kafungua duka, mpira umekwendaje. Wagonjwa wengine wakawa wanaomba kugeuziwa kioo. Mama naye alikuwa anakuja, wakikaa pamoja yeye na Aber, mmoja anasuka, mwingine anashona. Siku moja nikiwa nimejifanya nimelala, nikasikia mama anamwambia, "Ukimaliza hiyo, nipimie na mimi. Sitaki kwenda harusini na gauni la zamani." Nilifumba macho zaidi ili machozi yasidondoke kwenye kioo.

Kidonda kilifunga jua liliporudi. Mzee Okot, baba yake Aber, polisi mstaafu mwenye masharubu meupe, alitupokea nyumbani kwake Naguru. Wazee wetu walimaliza hotuba zao ndefu, naye akasimama akasema kwa Kiswahili cha gwaride: "Huyu binti nilimkataza mambo mengi. Nilimkataza kushuka mlima wa Naguru na kiti bila breki. Alishuka. Kwa hiyo mimi simkatazi tena kitu. Chukueni." Sheikh alifungisha ndoa, katekista akaomba dua yake, na watu wakala pilau. Picha za harusi zote zina kasoro moja: mpiga picha alikuwa amezoea maharusi waliosimama, kwa hiyo nusu ya kila picha ni ukuta wa Mzee Okot.

Maisha yetu ya Kansanga ni ya kawaida, ila yako chini kidogo kuliko ya wengine. Jiko letu liko usawa wa magoti ya mgeni. Kamba ya nguo iko usawa wa kiuno, na shuka zikianikwa majirani hupita wakiinama. Asubuhi tunakaguana ngozi kama makanika wawili. Mlango wa choo tulimwomba mwenye nyumba auondoe, tukatundika pazia, na wageni huimba wakiwa ndani ili tujue kuna mtu. Tukitoka pamoja barabarani watu hutazama, wengine hutuombea dua kwa sauti kubwa bila kuombwa. Aber huwaitikia "Amina" na kuwauliza kama wanataka kushonewa kitu. Amepata wateja wengi kwa njia hiyo. Tunagombana pia. Ugomvi mkubwa ni pampu ya matairi, ambayo kila mmoja huapa kwamba mwenzake ndiye aliyeitumia mwisho.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa Fort Portal. Aber alikuwa amesikia habari za maziwa yaliyojaa kwenye mashimo ya volkano, akataka kuyaona. Mimi nilikuwa naogopa kituo cha basi, wala si kwa sababu ya ngazi za basi. Niliogopa wenzangu. Tangu niugue nilikuwa nawakwepa madereva wote niliofanya nao kazi. Nilitaka wanikumbuke nikiwa juu ya usukani.

Kondakta alipotuona akashika kichwa. "Banange! Viti mbili? Tunaweka wapi?"

"Viti weka chini na mizigo," Aber akamwambia. "Sisi weka ndani na watu."

Dereva aliposikia kelele akachungulia dirishani. Alikuwa Kizito, tuliyelala naye njiani mara nyingi wakati basi limeharibika. Alinitazama, akashuka bila kuzima injini, akaja akapiga magoti kwenye vumbi la kituo, akanikumbatia.

"Rama! Walituambia umekufa."

"Nilichelewa," nikamwambia.

Akanipa mgongo wake. Nilisita, mtu mzima kubebwa mgongoni mbele ya basi zima si jambo dogo. Kisha nikamshika mabega. Nyuma yangu nikasikia Aber, aliyebebwa na kondakta, akilalamika, "Polepole, wewe! Mimi si gunia ya kahawa!" Abiria wakapiga vigelegele kana kwamba tunaoana upya. Kizito aliniweka kiti cha mbele, karibu naye, na njia nzima akanihadithia nani amestaafu na nani ameoa mke wa pili. Nilipoteza miaka ya urafiki kwa aibu ambayo hakuna aliyeniomba niwe nayo. Kama nawe unawakwepa watu wako, wapigie simu leo.

Nyumba ya wageni ya huko ilikuwa na bafu lenye mlango mwembamba kuliko viti vyetu. Mwenye nyumba alifadhaika, akaomba radhi mara nyingi, halafu akatundika shuka kwenye migomba ya uani na kutuletea ndoo za maji ya moto. Tukaoga asubuhi chini ya migomba, mvuke unapanda, ukungu umekaa kwenye vilima, Aber akinimwagia maji na kuimba nyimbo za gwaride alizojifunza kambini. Ziwa lenyewe tuliliona kutoka juu, kijani kibichi, limetulia. Lilikuwa zuri. Lakini nikikumbuka Fort Portal, nakumbuka ile migomba.

Baada ya hapo tukashikwa na ugonjwa mwingine, wa kusafiri. Entebbe, Jinja, Mbale. Na kila tuliporudi Aber alisema, "Bado kwa bibi." Bibi yake, mama wa Mzee Okot, aliishi kijijini nje ya Gulu. Uzee ulimzuia kuja harusini, na alikuwa ametuma ujumbe kwamba hafi mpaka amwone mkwe wake.

Basi lisingefika kijijini. Fundi mmoja wa Katwe akatutengenezea gari dogo la zamani, akaunganisha breki na mafuta kwenye wenzo mmoja wa mkono. Nilipoliendesha mara ya kwanza kuzunguka uwanja wa shule ya jirani, nilipiga honi mpaka mlinzi akatoka. Kisha nikamwona Aber amekaa pembeni ananitazama, na sura yake naijua.

"Nifundishe," akasema.

Nimefundisha makondakta wengi udereva, lakini sijawahi kumfundisha mke wangu, na sikushauri. Alichukua kona kama anashuka mlima wa Naguru. "Punguza!" nikapiga kelele. "Keti vizuri," akanijibu, "usikae kama mzigo." Lakini alifaulu mtihani wake, na kiangazi kilipoanza tukafunga safari ya Gulu, zamu kwa zamu, viti vimefungwa juu ya paa, maji tukinywa kwa mafunda madogo kwa sababu vyoo vya njiani tunavijua.

Tulipokaribia daraja la Karuma usukani alikuwa nao yeye. Daraja lile nimelivuka mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, siku zote macho yangu yakiwa kwenye lami, kwa lori linalokuja mbele na kwa nyani wanaokaa ukingoni kungoja ndizi. Sasa sikuwa na la kufanya. Nikageuza uso dirishani. Chini yetu Nile ilikuwa inaporomoka juu ya mawe, nyeupe yote, inaruka na kugongana na kuchemka, na nikasema, "Aber, hapa pana mto!"

"Umepita hapa miaka yote hiyo hujui pana mto?"

"Nilikuwa naendesha."

"Haya, tazama basi," akasema, akapunguza mwendo, na lori nyuma yetu likapiga honi kwa hasira, na yeye hakujali.

Kijijini walitusikia kabla hatujafika. Ua wa bibi ni wa mchanga uliofagiwa, mchanga mlaini ambao magurudumu yetu yangezama ndani yake, na hilo nilikuwa nimeliwaza njia nzima. Tulipofungua milango ya gari nikaona wamekwisha kuliwaza wao. Walikuwa wameing'oa milango ya nyumba zao, ya mbao na ya mabati, wakailaza chini mmoja baada ya mwingine, kutoka mahali pa kuegesha gari mpaka mlangoni kwa bibi. Tukapita juu yake, Aber mbele, mimi nyuma, mabati yakilia kama ngoma, wanawake wakipiga vigelegele pande zote mbili.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, mdogo, mkavu, macho yake yana ukungu wa uzee. Alimshika Aber uso muda mrefu. Kisha akanigeukia. Aber akanong'ona kwamba bibi ametafuta wiki nzima maneno ya Kiswahili ya kumkaribisha mkwe. Kiswahili pekee alichowahi kukisikia maishani ni kile cha askari kwenye vizuizi vya barabarani, miaka ya vita.

Bibi akakohoa kidogo. Akainua mkono, akasema kwa nguvu zake zote:

"Simama!"

Nikamwona mjomba mmoja ameinamisha uso kwa aibu. Nikamtazama Aber, naye ameuma mdomo, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Kwa bibi neno lile lilikuwa na maana moja tu, ile ya vizuizini: usiende mbele zaidi, ishia hapa. Na safari hii alilisema kwa furaha.

Nikashika breki zote mbili, zikalia.

"Nimesimama, bibi," nikamwambia.

Aber akatafsiri. Bibi akafurahi kwamba Kiswahili chake kimeeleweka, akapigapiga mkeka pembeni yake, akakumbuka neno la pili.

"Kaa chini!"

Hapo ua mzima ukalipuka kwa kicheko, na mimi, nikisaidiwa na mikono ya wajomba, nikashuka kutoka kwenye kiti changu, nikakaa.